Mashine ya mazoezi na mgongo wa Ustadhi wetu

  

Wasomaji wa safu hii wamezoea kutuona tukizungumzia mirathi, mahari, malezi na migogoro ya mashamba ya mikorosho. Wiki hii tunaomba radhi kwa kuwaingiza katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina nafasi katika gazeti la dini, nalo ni namna ya kuhamisha mashine ya mazoezi kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tunalileta kwa sababu Ustadhi anayewafundisha watoto wetu Juzuu Amma baada ya Alasiri, kijana ambaye hajatimiza miaka 25, anasali akiwa ameketi kwenye kiti, na hii ni wiki ya tisa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa hapa Nachingwea, ana kisukari na shinikizo la damu. Daktari alimtaka atembee kila siku. Pikipiki za barabarani zilimtia hofu, na giza la baada ya Alfajiri halikumfaa kwa sababu ya macho. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam akamnunulia mashine ya kukimbilia iliyokwisha kutumika, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu. Mzee akaitumia sebuleni kwake miaka miwili na sukari yake ikatulia, hilo tunalishuhudia. Mwaka huu yeye na mkewe wakaamua kwenda kuishi Ruangwa kwa binti yao, na mashine nayo ikabidi ihame.

Kirikuu ilifika saa tano, jua limekwisha kukaza. Walikuwapo vijana wawili waliochukuliwa kijiweni kwa ujira, na Ustadhi wetu, ambaye hakuitwa wala hakuahidiwa senti. Alikuja kwa hisani tu, kwa kuwa mzee alimfundisha akiwa darasa la tatu. Bibi, mke wa mzee, alikuwa ameupima mlango kwa kanga tangu asubuhi, akaipima na mashine kwa kanga hiyohiyo, akasema haitapita ikiwa imekaa vile. Hakuna aliyemsikiliza. Nasi tunaoandika maneno haya tulikuwapo, tumeshika ubao wa mlango, tukisema: "Leteni tu, itapita." Haikupita. Wakarudi nyuma, wakaigeuza juu kwa juu mikono imekwisha kuchoka, wakatoka nayo ubavu hadi kwenye ngazi tatu za baraza.

Mashine ya namna ile hukunjwa. Ubao wa kukimbilia huinuliwa ukasimama, kisha komeo huushika. Komeo lile halikuwa limeingia sawasawa, na hakuna aliyelitazama. Kwenye ngazi ya pili ubao ukafunguka. Ustadhi, ambaye ndiye aliyekuwa upande wa chini, akajipinda kiuno ili auzuie usimwangukie kijana mwenziwe. Sauti aliyoitoa hatujaisahau.

Baada ya kumlaza kwenye mkeka ndipo mmoja wetu alipoinama na kusoma kibandiko kilicho chini ya mashine. Kiliandikwa kilo 94. Kibandiko hicho kilikuwa hapo miaka yote miwili.

Katika kikao cha kamati kilichofuata, wapo waliosema kuwa lililotokea ni qadari na hakuna la kujadili. Tunaiamini qadari, kheri yake na shari yake; hiyo ni nguzo ya imani. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipofika mpakani mwa Sham na kuambiwa kuwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anaiacha qadari moja ya Allah na kuiendea nyingine ya Allah huyohuyo. Kusoma kibandiko ni katika qadari, na kufunga komeo ni katika qadari. Tuliacha vyote viwili, kisha tukataka kuitupia qadari kilichokuwa uzembe wetu. Mjadala wetu ulikuwa mkali kidogo, na tunashukuru kwamba ulimalizika kwa Fatiha.

Kuna jambo moja ambalo watu wa wilaya zetu wanapaswa kulifikiri, nalo ni kwamba sisi ni wazoefu wa mizigo, na uzoefu huo ndio uliotuponza. Msimu wa korosho ukifika, vijana wetu wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale hushinda maghalani wakipakia na kupakua magunia ya minada ya RUNALI. Kijana aliyelala usingizi baada ya kubeba magunia siku nzima huiona mashine ya sebuleni kuwa ni mchezo. Wazee wetu nao wamesimuliwa habari za vyombo vizito tangu enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Hapa Nachingwea reli ililetwa kutoka pwani, na matrekta mengine ya mpango ule yalitengenezwa kwa kubadilisha vifaru vya vita. Mpango ulianguka, reli ikang'olewa. Wenye mitambo mikubwa kuliko yote iliyopata kuonekana kusini hawakuipima ardhi kabla ya kuishushia chuma, na sisi hatukuupima mlango.

Gunia si mashine. Gunia hulegea, likajilaza juu ya bega na kufuata umbo la mwili, na uzito wake umeenea sawasawa. Mbebaji akizidiwa hulitupa chini, na korosho hazina la kusema. Mashine ya kukimbilia ina mota upande wa mbele, kwa hiyo nusu moja ya chombo ni nzito kuliko nusu ya pili. Ina kingo za chuma zisizo na mahali pa kushika. Ina mikono miwili ya plastiki ambayo kila mtu huikimbilia, nayo haikutengenezwa kubeba uzito wa chombo. Tena ni ghali, na mbebaji akizidiwa haiachi ianguke, huikumbatia. Baiskeli ya mazoezi nayo ina gurudumu zito la chuma mbele, ingawa kwa macho inaonekana nyepesi.

Tukatafuta kujua mtu mmoja anapaswa kubeba kiasi gani. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mfanyakazi mwanamume mzima usizidi kilo 55. Mwongozo wa Waingereza wa siku hizi ni mkali zaidi. Unaanza kutahadharisha kuanzia kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Mzigo ukiwa chini sakafuni, kiasi hicho hushuka hadi kilo 10 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Tunajua akina mama wetu watakaosoma haya wakiwa wameweka ndoo ya lita 20 kichwani watacheka, na wana haki ya kucheka. Hesabu hizi si sheria ya Nachingwea. Lakini lililotushangaza zaidi ni lile linalofuata, kwamba watu wawili wakibeba pamoja nguvu zao hazijumlishwi. Mwongozo huo unasema wawili wana theluthi mbili tu ya jumla ya nguvu zao, na watatu wana nusu. Sababu yake haina fumbo. Mmoja hutangulia kuinua, mwingine huchelewa, mmoja ni mrefu, mwingine haoni anakokanyaga, na kwenye ngazi aliye chini hupokea uzito mkubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo, vijana watatu walioishika mashine ya kilo 94 walikuwa na haki ya kubeba chini ya kilo 40. Kilichobaki kilikuwa juu ya mgongo wa Ustadhi.

Basi hekima ya kwanza ni kutoibeba kabisa kama inaweza kukokotwa, na kama haikokotwi ipunguzwe. Mashine nyingi za aina hii zina magurudumu madogo chini ya upande wa mota. Wenye mashine huishi nazo miaka bila kuyaona. Ukiikunja na kufunga komeo, mtu mmoja akaiinamisha taratibu na mwingine akaikingia upande wa pili, hutembea yenyewe juu ya sakafu ya saruji. Ambapo hakuna magurudumu, blanketi nene au busati kuukuu likipenyezwa chini, chombo huvutwa bila kuinuliwa. Mtaimbo mmoja na kipande cha mbao huinua ncha ya chombo kwa nguvu ndogo kuliko mikono minne. Mabomba matatu ya chuma yaliyolazwa sakafuni hufanya kazi ya magurudumu. Haya mafundi wa kisima wanayafanya kila siku, na sisi tunaona aibu kuyafanya sebuleni kana kwamba kutumia akili ni upungufu wa uanaume. Ila toroli la kubebea mchanga tusilijaribu. Lina gurudumu moja, nalo hulala ubavu kwa urahisi.

Kupunguza uzito ni kuufungua ule mhimili wenye kioo cha namba na mikono. Unahitaji spana za herufi L, bisibisi, na subira ya nusu saa. Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya kutoka ukutani, kisha piga picha kwa simu jinsi nyaya zilivyoungana ndani ya mhimili. Boliti zote ziingie katika mfuko mmoja na mfuko ufungwe kwenye chombo chenyewe, si kwenye kanzu ya mtu. Ubao wa kukimbilia ukikunjwa, komeo lifungwe na juu yake izungushwe kamba mara mbili. Tunalirudia hili bila haya, kwa kuwa kamba ya shilingi elfu moja ingetosha kutuepusha na yote tunayoyaandika. Na siku ya kuufungua, asikatwe mtu kamba akiwa amesimama mbele ya ubao, kwani huo hushuka kwa kishindo.

Njia nayo itembewe kabla ya mzigo. Apatikane mtu aipite njia yote mikono mitupu kuanzia sebuleni hadi garini, huku akipima kila mlango na kuviondoa viatu, mikeka, vigoda na watoto. Bibi alifanya kazi hii peke yake na akapuuzwa. Tunaona ni wajibu wetu kumtaja hapa, kwa kuwa tulimwomba radhi nyumbani kwake mbele ya wachache, na kosa letu lilikuwa la hadharani. Mwenye nyumba ndiye anayeijua nyumba. Tena, wapagazi wanapoingia ndani wapige hodi na kutoa salamu, na wenyeji wajulishwe saa ya kuingia kwao ili wanawake wapate kujisitiri. Tumeona haraka ya kumkimbia mgeni aliyeingia ghafla na ubao begani ikimwangusha binti kizingitini.

Kisha awepo msemaji mmoja. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kuwa watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri. Kutoka sebuleni hadi barazani ni safari, na siku ile ya kwetu walikuwapo maamiri watano, nasi tukiwa wa sita pale mlangoni. Amiri wa mzigo asishike mzigo. Asimame mahali anapoona miguu ya wote, ahesabu moja, mbili, na kwa Bismillahi wainue kwa pamoja. Neno la kushusha lijulikane mapema. Na yeyote atakayesema "shusha", awe mdogo kuliko wote, basi ishushwe bila maswali. Sote tunaijua adabu hii tunapobeba jeneza. Warefu hupangwa na warefu, aliyechoka hupokewa kabla hajalegea, na hakuna anayemfokea mwenziwe. Hatujui kwa nini adabu hiyo tunaiacha makaburini.

Katika sira kuna tukio ambalo masheikh wetu hulisomesha kila mwaka katika Maulidi. Makuraishi walipoijenga upya Kaaba, Mtume (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka 35, waligombana juu ya nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake, hata ikakaribia damu kumwagika. Yeye akataka nguo, akaliweka jiwe katikati, akawaambia wakuu wa koo washike kila mmoja upande wake na wainue pamoja. Lilipofika mahali pake akalipachika kwa mkono wake. Husomeshwa kama somo la suluhu, na ndivyo lilivyo. Lakini tazameni pia namna mzigo ulivyobebwa. Kila mmoja alikuwa na pembe yake, waliinua wakati mmoja, na aliyesema alikuwa mmoja.

Kuhusu mwili wenyewe hatuna mengi, kwani wauguzi wameyasema mara nyingi. Miguu itengane kiasi cha upana wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo. Magoti ndiyo yakunjwe. Mzigo ukae karibu na tumbo. Na kama ni kugeuka, igeuke miguu, kiuno kisipindwe, kwa kuwa ni kule kujipinda kulikomwumiza Ustadhi zaidi ya uzito. Kanzu ivuliwe na ndala ziachwe. Viatu vya kufunika vidole ndivyo vazi la kazi hii. Wakati bora ni baada ya Alfajiri, kabla ya jua. Aliyefunga asibebe mzigo wa namna hii mchana, na mwenye ngiri au mama mjamzito asiguse kabisa, hata kama ni "kusaidia kidogo".

Vijana wengi hawana mashine za umeme. Wana vyuma walivyojitengenezea: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, gia za malori mabovu, vipande vya ekseli. Hatuwalaumu. Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi mbele ya Allah, na katika kila muumini mna kheri, kama tulivyofundishwa. Tunachowaomba ni kuvivunja vyuma hivyo katika vipande wakati wa kuhama, kila kipande na safari yake, na kukagua saruji kama imepasuka karibu na bomba. Kopo la saruji huchomoka bila kutoa taarifa. Na visiingizwe vyote katika gunia moja. Lumbesa ya saruji ni mbaya kuliko ya ufuta.

Katika gari, upande wa mota uelekee kwenye kichwa cha gari. Chombo kifungwe kwa kamba za manila pande mbili zinazopingana. Ile mipira ya tyubu inayopendwa na madereva wetu hunyumbuka, na katika mashimo ya njiani mzigo hucheza ndani yake hata ukajifungua. Wakati wa kupandisha kwa mbao, asisimame mtu nyuma ya chombo upande wa chini. Wavute walio juu, na walio ubavuni waelekeze. Wala mtu asikae nyuma na mashine "aishikilie" hadi Ruangwa. Kama kamba hazitoshi kuishika, mtu hatatosha.

Mashine ilifika Ruangwa jioni ileile, bila Ustadhi. Binti wa mzee alitaka iwekwe pembeni ya kitanda cha watoto kwa kuwa ndipo palipokuwa na swichi. Tukakataa, na hapa tulisikilizwa. Nyuma ya mashine ya kukimbilia panapaswa kuachwa wazi kama mita 2, na pembeni nusu mita, kwa kuwa anayeteleza hurushwa nyuma, na akikuta ukuta hubanwa kati yake na mkanda unaozunguka. Watoto ndio walio hatarini zaidi. Mwezi Mei mwaka 2009 binti wa miaka minne wa mwanamasumbwi Mike Tyson, ndugu yetu katika imani, alifariki huko Marekani baada ya kunaswa na kamba iliyokuwa ikining'inia kwenye mashine ya kukimbilia nyumbani. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliwataka wanunuzi huko Marekani warudishe mashine zipatazo 125,000 baada ya kifo cha mtoto na ajali nyingine nyingi. Kwa hiyo, kile kifunguo cha usalama chenye kamba kiondolewe kila baada ya mazoezi na kikae mahali mtoto asipofika. Waya uchomolewe, na ubao ukikunjwa komeo litazamwe kwa macho.

Tumrudie Ustadhi. Siku mbili za kwanza alipelekewa mtu wa kumkanyaga mgongo, jambo ambalo tunawaomba wazazi waliache. Maumivu ya mgongo mengi hupungua kwa wiki chache ikiwa mtu atajongea taratibu, bila kulala kitandani mwezi mzima. Lakini mguu ukilegea, ganzi ikishika sehemu za siri au haja zikishindwa kuzuilika, hilo halingoji kesho. Ni hospitali usiku huohuo. Ustadhi alikuwa na ganzi ya mguu wa kushoto na alikaa nayo siku nne akiona haya kuisema. Alhamdulillah, kwa matibabu na mazoezi aliyoelekezwa inarudi nyuma.

Likabaki suala la gharama. Nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, lakini aliyekuja kwa hisani hana mwajiri, na hata wale wawili wa kijiweni hakuna aliyewasajili. Mbele ya sheria Ustadhi alikuwa mtu aliyepita tu. Mbele ya dini sivyo. Kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake juu ya kipando chake Mtume (s.a.w.) amekuhesabu kuwa ni sadaka, na Abu Dharr (r.a.) amepokea kwake kwamba walio chini yetu tusiwakalifishe kisichowezekana kwao, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Fiqhi ya madhehebu yetu humwona aliyeshika mali ya mwenziwe kwa idhini kuwa mwenye amana. Hivyo hata kioo cha mashine kilichovunjika siku ile hakumpasa Ustadhi kukilipa, na mzee hakuwahi kukidai. Lakini kama mali ile ilikuwa amana mikononi mwake, mgongo wake ulikuwa amana mikononi mwetu.

Mzee alitaka kuiuza mashine ili alipe matibabu. Ustadhi akakataa, akasema sukari ya mwalimu wake ikipanda atakuwa ameumia bure. Wale vijana wawili walikuja msikitini Ijumaa iliyofuata, kila mmoja na shilingi elfu tano, ujira wao wa siku ile. Kamati imeendelea kumpa Ustadhi posho yake ya madrasa ingawa darasa anaendesha mwingine. Mzee na mwanawe wanalipa dawa, na sisi tulioshika mlango tumetoa sehemu yetu. Ijumaa iliyopita alirukuu nusu, akishika kiti.

Kwa fedha zilizobaki katika mchango huo tumenunua kigari cha magurudumu mawili, kamba za manila mita 40, mbao mbili nene za kupandishia na blanketi kuukuu tatu. Vipo katika stoo ya msikiti, nyuma ya mahali pa kutawadhia. Anayehama, awe wa jamaa yetu au jirani asiye Mwislamu, amwone muadhini baada ya Alasiri. Atie saini katika daftari, na avirudishe kabla ya Isha ya siku ya pili. Kigari kwa sasa kimeazimwa kwa ajili ya jokofu na kinatarajiwa kurudi Jumatatu, inshaAllah.